Sanduku la Maswali: Unajijua kwa kiasi gani, na utajuaje?

Barua za awamu hii karibu zote zimegusa jambo moja: namna mtu anavyojielewa na kuielewa dunia anamoishi. Tumechagua saba na kuzifupisha. Msimamo wetu tunauweka wazi mapema: kujielewa hukua pale unapotoa kauli inayoweza kukanushwa, kisha ukaikagua.

Swali: Ndugu wahariri, naandika shajara tangu nikiwa sekondari. Kila usiku najaza ukurasa kuhusu nilivyojisikia. Nikisoma za miaka ya nyuma naona nimo mle mle: nabeba kazi nyingi kuliko muda nilionao na nagombana kwa mambo yale yale. Mbona kuandika hakunifunzi kitu?

Jibu: Shajara ya hisia huhifadhi maelezo uliyojipa siku ile, na mara nyingi maelezo hayo siyo sababu halisi. Mwaka 1977 wanasaikolojia Richard Nisbett na Timothy Wilson walieleza jaribio ambamo wapita njia waliwekewa jozi nne za soksi ndefu za kike, zote sawasawa, wakaombwa wachague iliyo bora. Jozi ya kulia kabisa ndiyo iliyochaguliwa zaidi. Walipoulizwa sababu walizungumzia ubora wa soksi. Hakuna aliyesema kwamba alivutwa na mahali ilipowekwa. Mwaka 2005 Petter Johansson, Lars Hall na wenzao walikwenda mbali zaidi: mtu alichagua sura moja kati ya picha mbili, kisha kwa kiini macho akakabidhiwa ile aliyoikataa. Mara nyingi hakugundua, akaanza kueleza kwa nini ameipenda. Watu hao hawakuwa waongo. Akili huleta sababu inayokubalika, na mwenyewe huipokea kana kwamba ameishuhudia.

Kwa hiyo andika kabla ya jambo kutokea. Chukua daftari jipya, gawa ukurasa kwa safu tano: tarehe, ninachotarajia, uhakika wangu kwa asilimia, sababu kwa sentensi moja, na kilichotokea. Andika makadirio manne au matano kwa wiki, yote yakuhusu wewe. Mfano: "Ripoti nitaimaliza Alhamisi kabla ya saa kumi jioni, asilimia 80." "Nikitoka kwenye kikao nitakuwa nimemkatiza mtu maneno angalau mara moja, asilimia 60." Tumia viwango vitano tu, yaani 50, 60, 70, 80 na 90. Hamsini maana yake hujui.

Baada ya miezi mitatu utakuwa na makadirio hamsini hivi. Kusanya yote uliyoyapa 80 uone mangapi yametimia. Yakitimia karibu manane katika kila kumi, eneo hilo unalijua. Yakitimia matano, uhakika wako umezidi ujuzi wako. Fungu lenye makadirio machache kuliko kumi usilitolee hukumu bado.

Daftari hili huharibika kwa njia tatu. Ya kwanza ni kauli legelege: "nitajitahidi zaidi" haikaguliki. Andika kitu ambacho mtu mwingine akisoma anaweza kusema ndiyo au hapana bila kukuuliza. Ya pili ni kujaza safu baada ya tukio. Baruch Fischhoff alionyesha mwaka 1975 kwamba mtu akishajua matokeo huyaona kama yalikuwa yakitabirika tangu mwanzo, hata kama asingeyatabiri. Ya tatu ni kuandika mambo makubwa tu. Tabia huonekana zaidi katika vitu vidogo vinavyojirudia, na hivyo ndivyo vitakavyokupa idadi ya kutosha kupima.

Kuhusu kubeba kazi kupita muda: Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross, mwaka 1994, waliwauliza wanafunzi tasnifu zao zitachukua siku ngapi kukamilika. Kwa wastani walisema takriban 34. Zilichukua zaidi ya 55. Kosa hutokea kwa sababu mtu hupanga kwa kuwazia kazi iliyo mbele yake na kusahau zile alizokwisha kufanya. Kabla ya kukubali kazi, tafuta tatu zilizofanana nayo, angalia zilichukua siku ngapi kweli, utoe jibu kwa wastani huo.

Swali: Nikikasirika huwa najiuliza kwa nini mimi niko hivi. Napata majibu kumi, na asubuhi yake nakuwa nimechoka zaidi.

Jibu: "Kwa nini niko hivi" ni mlango wa kuzunguka pale pale. Paul Trapnell na Jennifer Campbell walitenganisha mwaka 1999 aina mbili za kujifikiria ambazo kwa nje zinafanana: moja inaongozwa na hofu na majuto, nyingine na udadisi. Ya kwanza utaitambua haraka. Swali halibadiliki, majibu yanamshambulia mtu mzima badala ya kitendo, na hakuna jambo jipya lililoongezeka tangu jana.

Acha "kwa nini" kwa muda. Ndani ya saa moja baada ya hasira, andika vitu vinavyoonekana: saa, mahali, aliyekuwepo, neno la mwisho lililosemwa kabla hujapandwa na hasira, ulichofanya, ulilala saa ngapi usiku uliotangulia, na ulikula lini. Mistari saba, bila kueleza chochote. Ukishapata matukio kumi, yaweke mbele yako yote kwa pamoja na utafute kinachojirudia katika sita au zaidi. Hapo ndipo "kwa nini" inapopata chakula. Wengi hugundua kwamba kilichojirudia ni njaa, usingizi mfupi au kukatizwa, na jeraha la utotoni walilokuwa wakilishuku halihitajiki kabisa kueleza hasira ile.

Jambo jingine dogo linalofaa ni kujisemesha kwa jina lako badala ya "mimi": "Fulani anaogopa nini hapa?" Ethan Kross na wenzake, katika majaribio waliyochapisha mwaka 2014, waliona waliofanya hivyo walikabili hotuba ya ghafla kwa wasiwasi mdogo kuliko waliojisemea "mimi".

Swali: Kuna jambo zito lililonipata. Nikiliandika usiku, nalala vibaya. Niendelee?

Jibu: Pole sana. James Pennebaker na Sandra Beall, mwaka 1986, waliwaomba wanafunzi waandike kuhusu jambo lililowaumiza kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo. Walioandika tukio pamoja na hisia zake walijisikia vibaya zaidi mara tu baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kituo cha afya mara chache kuliko waliopewa mada za kawaida. Uzito wa jioni ile, basi, ni wa kutarajiwa.

Weka mipaka: dakika 15, siku nne, kisha funga. Andika mchana, saa kadhaa kabla ya kulala. Ukiona kila siku unarudia sentensi zile zile, au uzito haujapungua kwa wiki mbili, acha na umtafute mshauri nasaha au daktari. Mawazo ya kujidhuru yakikujia usisubiri wiki mbili; mweleze mtu leo.

Swali: Nimefanya jaribio la haiba mtandaoni, limenieleza kama vile linanifahamu. Nilitegemee?

Jibu: Mwaka 1949 Bertram Forer alichapisha alichowafanyia wanafunzi wake 39. Aliwapa dodoso, kisha kila mmoja akapewa maelezo ya haiba "yake". Walipoombwa wayape alama za usahihi kuanzia 0 hadi 5, wastani ulipita 4. Karatasi zote zilikuwa na maneno yale yale.

Njia ya kulipima lako ni rahisi. Chapisha matokeo yako pamoja na ya haiba nyingine tatu, ufute majina, uwape watu watatu wanaokufahamu vizuri wachague yanayokuhusu. Wasipokubaliana, jaribio limekupa sentensi zinazomfaa kila mtu.

Swali: Nyani haoni kundule, nalijua hilo. Lakini nikiwauliza rafiki zangu kasoro zangu wanasema sina, au wanacheka. Nifanyeje?

Jibu: Swali lako linawapa kazi ngumu: linawataka watoe hukumu juu ya tabia yako nzima, mbele yako, papo hapo. Rafiki mwenye adabu atakwepa. Omba kumbukumbu ya tendo moja. "Nikumbushe mara moja mwaka huu nilipofanya kazi yako iwe ngumu zaidi" hujibika. "Mimi nina kasoro gani" haijibiki.

Chagua watu watano wasiojuana sana: wa kazini, wa nyumbani, aliyekuongoza, uliyemwongoza, na mmoja mliyewahi kukosana. Huyu wa mwisho wengi humruka, nasi tunaona ndiye anayelipa kuliko wote. Muulize kila mmoja peke yake na umpe siku kadhaa afikiri. Akijibu sema asante, andika maneno yake kama alivyoyatamka, usijitetee hata kwa sentensi moja. Ukijieleza mara moja tu, hutaambiwa tena. Jambo lililotajwa na mmoja liweke pembeni. Lililotajwa na watatu wasiojuana lichukulie kuwa ni kweli mpaka upate ushahidi wa kulipinga.

Pia ujue ni wapi wengine wanaona kuliko wewe. Joseph Luft na Harrington Ingham waliuchora mwaka 1955 ule mraba wenye vyumba vinne: yanayojulikana na wote, unayoyajua wewe tu, wanayoyajua wengine tu, na yasiyojulikana na yeyote. Utafiti wa Simine Vazire wa mwaka 2010 uliongeza jambo la maana. Mambo ya ndani kama wasiwasi, mwenyewe huyajua kuliko rafiki zake. Mambo yanayogusa heshima ya mtu, kama akili na ubunifu, rafiki huyaona kwa usahihi zaidi, kwa kuwa mwenyewe ana hamu ya jibu fulani. Basi ukisema una wasiwasi na wao wakabisha, jiamini wewe. Ukisema wewe ni mbunifu na wao wakasita, wasikilize.

Swali: Mke wangu anasema nawapima watu wote kwa kipimo kimoja. Kuna namna ya kukijua kipimo chenyewe?

Jibu: Ipo, na kati ya mazoezi yote tuliyoyataja leo hili ndilo tunalolipenda zaidi. Linatokana na George Kelly, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyeliweka wazi mwaka 1955. Kelly aliona kwamba kila mtu huipima dunia kwa jozi za maneno yaliyo kinyume alizojitengenezea mwenyewe, na kwamba nyingi kati yake hajawahi kuzitamka.

Kata kadi nane. Andika jina moja kwa kila kadi: unayempenda, unayemkwepa, aliyekufundisha, mfanyakazi mwenzako, ndugu yako, unayemheshimu ingawa humpendi, anayekuchosha, na wewe mwenyewe. Changanya, vuta tatu bila kuchagua. Jiulize: wawili gani wanafanana kwa jambo ambalo wa tatu hanalo? Andika jambo hilo, na mbele yake uandike wa tatu yukoje. Rudisha kadi, changanya, vuta tena. Fanya hivyo mara 12 hadi 15.

Thamani yote imo katika neno la pili. Watu wawili wanaweza wote kuandika "mpole", lakini mmoja kinyume chake akaandika "mkali" na mwingine "mkweli". Huyu wa pili anaushuku upole, na pengine hakuwahi kujua. Usikubali majibu ya nje kama "wote ni warefu" au "wote ni walimu", wala "wazuri" na "wabaya". Ukikwama kwenye hayo, jiulize wanafanya nini kinachokufanya useme hivyo.

Mwishoni zungushia duara jozi zinazofanana kwa maana. Kama tisa kati ya 12 zinahusu nani anategemewa na nani hategemewi, kipimo chako ndicho hicho. Kisha mwombe mke wako afanye zoezi lilo hilo kwa majina yale yale, mlinganishe karatasi. Msibishane juu ya mtu yeyote. Someni maneno tu.

Swali: Najiona mtu mwenye msimamo kuhusu mambo ya dunia. Nitajuaje kama naelewa ninachokitetea?

Jibu: Jipe alama 1 hadi 7 ya jinsi unavyolielewa jambo lenyewe. Kisha, bila simu wala kitabu, eleza kwa ukurasa mmoja namna linavyofanya kazi, hatua moja ikizaa nyingine, halafu ujipe alama upya. Leonid Rozenblit na Frank Keil waliwafanyia watu hivyo katika utafiti wa mwaka 2002 kwa vitu vya kawaida kama zipu na kitasa, na alama zilishuka baada ya kujieleza. Kuzoea kitu na kujua majina ya sehemu zake huleta hisia ya kukielewa. Katika ukurasa wako pigia mstari kila "inasababisha" ambayo hukueleza kwa njia gani. Mistari hiyo ndiyo orodha yako ya kusoma.

Unaposoma, tafuta kinachoweza kukuangusha. Katika jaribio la Peter Wason la mwaka 1960, watu walipewa namba 2, 4, 6 wakatakiwa kugundua kanuni kwa kupendekeza namba nyingine. Wengi walijaribu mifuatano kama 8, 10, 12, wakaambiwa inafaa, wakatangaza kwamba kanuni ni kuongeza mbili. Kanuni ilikuwa namba zozote zinazopanda. Aliyejaribu 1, 2, 50 akitarajia kukataliwa alijifunza zaidi kwa swali moja kuliko aliyeuliza kumi ya kujithibitishia. Kabla hujafungua makala yoyote kuhusu jambo lako, andika juu ya ukurasa: "Nitabadili msimamo nikikuta…" na umalizie sentensi hiyo kwa kitu ambacho kweli kinaweza kupatikana.