Bwawa la pamoja: daini daftari la vipimo

Harufu kali ya klorini inayowapokea watu langoni huwafanya wengi waamini kwamba bwawa la kuogelea limesafishwa vizuri. Mambo ni kinyume. Maji safi yenye klorini ya kutosha karibu hayanuki kabisa. Harufu ile inayochoma pua na kuwasha macho hutoka kwa kloramini, yaani kemikali zinazozaliwa klorini inapokutana na jasho na mkojo. Ukiisikia, ujue klorini imeelemewa na uchafu.

Pale tulipopanga nyumba, kila mkazi alilipa ada ya matengenezo, na bado bwawa lilizidi kuharibika. Watoto walianza kutoka majini na macho mekundu, kuta zikaota uteute, mwishowe maji yakawa ya kijani na viluwiluwi vya mbu vikaonekana kwenye kona. Msimamizi alitutuma kwa fundi, fundi akasema hajaletewa dawa, kamati ikasema tusubiri mkutano. Tulikwamuka tulipoacha kubishania rangi ya maji na kuanza kudai daftari la vipimo. Daftari halikuwepo, na hapo hakuna aliyeweza tena kutuambia kwamba kila kitu kiko sawa.

Ndiyo maana nasema anzeni na daftari. Liandikwe tarehe na saa, kiwango cha klorini, pH (yaani kipimo cha ukali wa asidi majini), presha ya chujio, dawa iliyotiwa na kiasi chake, na jina la aliyepima. Bwawa linalotumiwa na watu wengi lipimwe angalau mara mbili kwa siku, na zaidi siku za msongamano. Klorini huru, yaani ile ambayo bado haijatumika, isishuke chini ya miligramu 1 kwa lita, au 2 ikiwa dawa inayotumika ina asidi ya sayanuriki, ile inayoikinga klorini dhidi ya jua. pH ibaki kati ya 7.0 na 7.8. Ikipanda kupita hapo, klorini hupungukiwa nguvu ya kuua vijidudu hata kama kipimo chake kinaonekana kizuri, kwa hiyo msikubali kuonyeshwa namba moja bila nyingine.

Hiyo asidi ya sayanuriki ndiyo iliyokuwa kiini cha tatizo letu. Fundi alikuwa akitumbukiza vidonge vya klorini kila mara, na kila kidonge kiliiongeza asidi hiyo majini. Klorini huisha, asidi hubaki na kujikusanya, na ikizidi, klorini hufanya kazi polepole. Tiba yake ni kumwaga sehemu ya maji na kutia mengine. Watu walikasirika kuona maji yakimwagwa, lakini kuendelea kununua vidonge kungekuwa kutupa fedha.

Kulikuwa pia na suala la pampu. Msimamizi aliizima muda mrefu ili kubana umeme. Maji yasiyozunguka hayapiti kwenye chujio, na dawa haifiki kila pembe. Chujio la mchanga nalo lina geji: presha ikipanda pauni 8 hadi 10 kwa inchi ya mraba juu ya ile ya chujio safi, ni wakati wa kulisafisha kwa kuyapitisha maji kinyume. Mwombeni fundi awaonyeshe geji hiyo. Fundi mwenye kujua kazi yake hufurahi kuulizwa.

Na sisi waogeleaji tuna wajibu wetu. Klorini ya miligramu 1 kwa lita, katika maji yaliyotunzwa vizuri, huua bakteria wa E. coli kwa muda usiofika dakika 1, na virusi vya homa ya ini aina ya A kwa dakika 16 hivi. Lakini kimelea cha kriptosporidiamu, kinacholeta kuhara, huweza kuishi humo zaidi ya siku 10. Hakuna fundi anayeweza kutuokoa na hilo siku hiyo hiyo. Mwenye kuhara asiingie, mtoto apelekwe chooni mara kwa mara, na kila mtu aoge kabla ya kuogelea.

Kuna hali mbili ambazo hazihitaji kipimo wala mkutano. Ukisimama ukingoni na usione vizuri kifuniko cha tundu la kutolea maji chini kabisa, usiingie na usimruhusu mwanao aingie. Watu hudhani shida ya maji yenye ukungu ni magonjwa tu. Mimi naogopa zaidi kwamba mtu anaweza kuzama humo, wenzake wakiogelea juu yake, na asionekane. Anayezama mara nyingi hapigi kelele. Hali ya pili ni kifuniko hicho kuvunjika au kulegea, kwa sababu mvuto wa pampu unaweza kunasa nywele au mwili wa mtoto na kumshikilia chini. Katika hali zote mbili bwawa lifungwe saa ileile, na lango lifungwe kwa ufunguo. Karatasi ya tangazo haimzuii mtoto wa miaka minne.

Nawasihi pia wakazi wenye hasira msiingie stoo ya dawa kujifanyia wenyewe. Klorini ikichanganyika na asidi hutoa gesi ya sumu, na aina mbili tofauti za klorini zikikutana zinaweza kulipuka. Hata ndoo moja isitumike kwa zote mbili.

Malalamiko yaandikwe. Pigeni picha zenye tarehe, nunueni vijikaratasi vya kupimia, andikeni matokeo, kisha dai liwe fupi: nani anapima, nani ananunua dawa na vipuri, na nani ana mamlaka ya kufunga bwawa bila kusubiri ruhusa. Hilo la tatu ndilo lililotuchukua muda mrefu zaidi, maana kamati iliogopa lawama za wapangaji. Mwishowe mamlaka hayo alipewa fundi, kwa maandishi, na ufunguo wa lango anakaa nao yeye.