Maswali na Majibu: Umegusa Springi, Umegusa Usukani

*Probox yangu nimeifunga springi ngumu nyuma kwa ajili ya viazi. Ikiwa tupu, mvua ikinyesha, mkia unatoka kwenye kona. Ni tairi?*

Tairi zikague, ila mimi naanza na hizo springi. Gari likikata kona, uzito huhama kutoka tairi za ndani kwenda za nje. Springi ngumu haziupunguzi uzito huo. Zinaamua tu mbele ibebe kiasi gani na nyuma kiasi gani, na penye ugumu ndipo panapobebeshwa zaidi. Sasa tairi ni bahili: iongezee mzigo mara mbili, mshiko hautaongezeka mara mbili. Ndiyo maana ekseli iliyobebeshwa kupita kiasi huachia kwanza. Nyuma ikizidi ugumu, mkia unatoka. Mbele ikizidi, unakata usukani na pua inaendelea kwenda mtaroni. Aliyekufungia alifikiria safari ya kwenda sokoni, ya kurudi akakuachia wewe. Kama viazi si vya kila siku, rudisha springi za awali. Na zingatia: tairi zilizokwisha zisikae nyuma, hata kama gari linavuta mbele.

*Nikikata springi za mbele mzunguko mmoja na nusu, gari itashuka tu au kuna madhara?*

Mwezi huu ni mtu wa tatu! Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ukiikata hivyo, ugumu unapanda kwa theluthi. Umepata springi nyingine, tena mbele peke yake; pua nimeshaieleza. Wengine hata hawakati. Nimemkuta kijana akiichoma kwa gesi ikiwa bado ndani ya gari, imewiva nyekundu, gari linashuka lenyewe huku mwenyewe akipiga picha. Chuma kilichochomwa hivyo kimepoteza nguvu yake. Nilisogeza gari langu mbali.

*Shokapu mpya zitazuia gari kulala kwenye kona?*

Hapana. Zitalichelewesha kulala. Lilale kiasi gani, ni kazi ya springi na stabilaiza, ile fito ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia.

*Springi za mtumba zinalingana urefu, waya umezidi milimita moja tu. Nichukue?*

Acha. Waya wa milimita 12 ukiwa 13, mengine yote yakibaki vilevile, ugumu unaongezeka kwa karibu asilimia 38. Nenda na kipimo dukani.

*Gari inayumba, niweke springi gani?*

Gari gani? Tairi zina upepo kiasi gani? Bushi, ile mipira ya kwenye viungio vya chini, je? Pima, kagua, ndipo uniandikie.