Simu kwenye redio ya kanda ya Toyota 110: usiing'oe kwanza, soma niliyoyapitia hapa Malindi

Kaka uliyeuliza juzi, yule umeachiwa 110 (ile Corolla) na mzee, redio ni ile ile ya kanda iliyokuja nayo toka Japani, unataka kucheza muziki wa simu humo, umenunua transmita ya FM ya kuchomeka kwa shimo la laita na hupati ila mkoromo, na fundi ashakwambia ng'oa hiyo weka ya skrini. Usiing'oe kwanza. Mi naendesha 110 kama hiyo hapa Malindi mwaka wa tisa sasa na redio yake nshaifungua mara nne, ya kwanza nikiwa sijui natafuta nini. Zile za skrini sisemi ni mbaya, ila ukipaki juani Maweni saa saba mchana ukirudi kioo hakiguswi, na usiku kwenye mashimo ya kwenda Marafa utatafuta volyumu kwa kidole mpaka uingie mtaroni. Hii ya kanda ina kitasa cha kuzungusha, unakishika bila kuangalia. Na mwizi haitaki, hata ukimpa na kanda zake juu.

Tuanze na transmita manake ndo imekutesa na wala si mbovu. Japani FM yao kwa redio za miaka hiyo inaanza megahezi 76 inaishia 90. Sisi huku stesheni zetu ziko 87.5 mpaka 108, na hivo vitransmita vinavyouzwa ni vya 87.5 mpaka 108 pia. Kwa hivo redio yako na transmita yako wanakutana kwa kipande kidogo tu, 87.5 hadi 90. Ukiiweka 101.5 unaongea na ukuta. Weka transmita 88.3 na redio 88.3 usikize, kama kuna mtu tayari hapo sogea kidogo kidogo mpaka 89.9, pale penye ukimya ndo pako.

Sasa ngoja, kuna mtego. Kama redio hiyo inashika stesheni zetu za juu, zile za mia na kitu, ujue kuna mtu aliifungia ekspanda. Chungulia nyuma pale waya wa eria (antena) unapoingia, utaona kikasha kidogo kimekaa katikati na kawaya kekundu ka umeme. Kazi yake ni kutoa. Inachukua masafa ya huku inayapunguza ili redio ya Kijapani iyaelewe. Yangu inatoa 20, kwa hivo stesheni iliyo 103 mi naisoma 83. Na transmita nayo inapitia eria hiyo hiyo, kwa hivo ukiiweka 88.3 ekspanda inaipeleka 68.3 ambako redio haifiki kabisa! Walahi mi nilikaa miezi miwili nikilaumu transmita, nikanunua ya pili, nikanunua na ya tatu. Dawa yake niliweka transmita 105.7 redio nikaiweka 85.7, ikaimba. Ekspanda hazifanani, kuna za kutoa 12, kuna za 16, usitumie namba yangu. Chukua stesheni moja unayojua masafa yake, angalia redio yako inaisoma ngapi, toa moja kwa nyingine, hesabu ndo hiyo.

Hata hivo transmita ni ya kuazima tu. FM ina tabia ya kumfuata mwenye nguvu, haina urafiki. Hapa mjini ntakuwa sawa, nikipita Gede sawa, ndani ya msitu wa Arabuko Sokoke raha mustarehe manake hakuna wa kukugombania, halafu unakaribia Kilifi kasida iko katikati mara linaingia tangazo la sabuni. Unaanza kutafuta namba nyingine huku unaendesha, kazi hiyo sikushauri kabisa na yale malori ya njia ya Mombasa.

Kama mlango wa kanda bado unafanya kazi, nenda kwa adapta ya kanda. Ni kanda la plastiki lenye waya na jeki ya milimita 3.5, ndani hakuna utepe, kuna kichwa kidogo kinachogusana na kichwa cha redio, kile kinachosoma kanda, sauti inaruka kwa sumaku. Hakuna masafa, hakuna hesabu, Kilifi ukafika Lunga Lunga ukafika hakuna anayekuingilia. Sauti kwa sikio langu inashinda transmita mbali sana. Ila ina ujanja wake na wengi wanaitupa kwa kutoujua.

Kwanza kichwa cha redio. Sisi tuko baharini, chumvi inaingia kila mahali, na redio ambayo haijachezewa kanda miaka kumi kichwa chake kina ukungu wa rangi ya chai. Funga pamba kwa kijiti, chovya spiriti ya hospitali, ingiza mdomoni mwa redio upanguse taratibu mpaka pamba itoke nyeupe. Mi pamba ya kwanza ilitoka kama imepangusa sufuria. Sauti iliyokuwa chini ya blanketi ikafunguka hapo hapo.

Pili, kugeuza upande. Hizi redio zikihisi magurudumu ya kanda hayazunguki zinadhani upande umeisha, zinageuza zenyewe. Adapta ikiwa na gia ngumu au iliyopinda kwa joto utasikia ka, ka, ka, inageuza huku inarudi huku, wimbo unakuja vipande. Ifungue, ni skrubu tano ndogo, utakuta vigia vimeshikana, vipanguse, weka mafuta ya cherehani tone moja tu, rudisha. Usiiache kwa dashibodi ukipaki! Yangu ya kwanza ilipinda kama chapati, na nilipoitia ikagoma kutoka, nikaitoa kwa koleo.

Tatu, volyumu. Simu ipandishe mpaka kama robo tatu hivi kisha umalizie kwa kitasa cha redio. Simu ikiwa chini utasikia fyuuu ya kanda kuliko muziki, ikiwa juu kabisa besi inapasuka. Na kile kitufe cha Dolby kama unacho kizime, hicho ni cha kanda zilizorekodiwa kwa Dolby, hapa kitakufifishia sauti bure.

Simu yako kama haina tundu la jeki, na nyingi siku hizi hazina, iPhone waliliondoa tangu 2016, usihangaike na vile viwaya vya kugeuza, vingine vinakubali simu hii vinakataa ile. Nunua kipokezi kidogo cha blutuu chenye betri yake ndani, chomeka waya wa kanda hapo. Sababu ya kusema chenye betri yake utaiona hapo chini.

Mi nilitumia kanda miaka mitatu, kisha waya unaoning'inia ukanichosha, na mtoto wangu mdogo akawa anauvuta. Nikaamua kufungua. Hapa kama hujawahi kushika chuma cha kulehemu mwachie fundi wa redio, nasema fundi wa redio, si fundi wa waya za gari, hao ni watu wawili tofauti. Redio ikitoka (fremu ya plastiki inabanduka kwa kuvuta, halafu skrubu nne za namba 10) nyuma kuna plagi mbili nyeupe, moja ya pini 10 na moja ya pini 6, na eria. Tulipofungua kifuniko cha juu tukafuata utepe wa waya unaotoka kwa mtambo wa kanda mpaka kwa aisii (chipu) ndogo inayokuza sauti ya kichwa. Kabla ya hiyo aisii sauti ni nyembamba mno, usiguse. Baada yake ndo tukapata kushoto na kulia, tukalehemu pale waya mbili kila mmoja na kepasita yake, na wa tatu wa ardhi (graundi). Kepasita usiiache, hapo huwa pana volti ya kukaa na ukiunganisha simu moja kwa moja unaweza kuharibu upande mmoja au wote. Waya tukautoa kwa tundu dogo pembeni ya trei ya jivu.

Sasa redio haijui kama kuna mgeni, yenyewe inajua kanda tu. Kwa hivo lazima uiwekee kanda ili ifungue njia ya kanda. Tulichukua kanda bovu tukang'oa utepe wote, tukabakisha yale magurudumu mawili yazunguke. Ukiitia, redio inaona magurudumu yanazunguka, inaridhika, kichwa hakisomi kitu, na muziki wa simu unapita kwa waya wetu. Ukitaka kucheza kanda la kweli unatoa lile tupu. Nina kanda za marehemu mzee, taarabu za Juma Bhalo na Zein l'Abdin, ambazo sijazipata safi vile kwa simu, hizo bado zinacheza humo humo. Ndo sababu yangu kubwa ya kutoing'oa, hayo ya kitasa ni ziada.

Nikafurahi siku mbili. Ya tatu nikaweka simu kwa chaja ya gari huku inacheza, ikaanza wiiiii inayopanda na kushuka na mafuta. Ukikanyaga inalia juu, ukiachia inashuka. Fundi wa kwanza akaniambia altaneta imekufa, akataka kuuza nyingine. Si altaneta. Simu inapata ardhi kwa chaja na inapata ardhi nyingine kwa waya wa sauti, ardhi mbili hizo zina tofauti ndogo ya volti, na tofauti hiyo inapita kwa waya wa sauti, redio inaikuza kama muziki. Jaribio lake ni rahisi: chomoa chaja, ukelele ukikata papo hapo ndo huo. Zinauzwa vifaa vidogo vya kukatia, ndani ni transfoma mbili ndogo tu, unachomeka katikati ya waya wa sauti na sauti inavuka bila ardhi kuvuka. Zile rahisi sana zinakula besi kidogo. Baadaye nilipoweka moduli ya blutuu ndani kabisa ukelele ukarudi, safari hii na ti-ti-ti juu yake, dawa ikawa kakijisanduku ka pini nne kanaitwa B0505S, kanapokea volti 5 kanatoa volti 5 nyingine zisizoshikana na ardhi ya gari. Kama kipokezi chako kina betri yake na hukichaji wakati kinacheza, haya yote hayakuhusu.

Wengine mlioniuliza chini ya swali lake: kama Toyota yako ina kitufe cha CD chenja (kile kisanduku cha kubadilisha CD nyingi) au DISC na nyuma kuna tundu la ziada, usilehemu kitu. Kuna vibati vya kudanganya redio kwamba chenja imefungwa, kama vya Yatour, vinaongea nayo lugha yake ya AVC-LAN, unapata USB na AUX (tundu la jeki ya simu) safi kabisa. Tazama tu umbo la tundu kabla ya kulipa, la zamani ni pini 5 na 7, la baadaye ni 6 na 6, haliingiliani. Zile zenye ramani ya kadi ya SD za Kijapani ni kesi nyingine, msitoe hiyo kadi hata kwa kujaribu, redio nyingine zinajifunga ziwaulize kadi yake.

Na magari ya Ulaya yaliyojaa hapa Malindi, mengi redio zake zina kodi. Mi nilimtolea rafiki yangu betri ya gari la tajiri wake analolitunza Casuarina, kuwasha redio inadai namba nne, na kodi iko kwa kitabu kilichobaki kwao. Tulikaa kimya wiki nzima mpaka tukaipata.

Kwa hivo wewe kaka anza na pamba na spiriti kesho, kisha adapta ya kanda na kipokezi cha betri. Ukiona mtambo wa kanda hauzunguki kabisa huenda ni mpira wa kuuzungusha tu umekatika, usikimbilie kulehemu. Piga picha ya nyuma ya redio uweke hapa, na ile stika ya namba ionekane vizuri, ntakwambia kama ina tundu la chenja.