Gofu ya visahani: maswali na majibu ya wasomaji

Kwa aliye mgeni: katika mchezo huu tunarusha kisahani hadi kiingie kwenye kikapu cha chuma chenye minyororo, kwa mirusho michache iwezekanavyo, na “shimo” ni njia nzima kutoka mahali pa kurushia hadi kikapuni. Barua za mwezi huu zimekuwa nyingi, na karibu nusu yake zinauliza mambo ambayo tayari yameandikwa kwenye kibao kilichosimama penye shimo la kwanza. Walioniuliza tena kama wanaweza kucheza kwa mfuniko wa ndoo wanisamehe, kwa kuwa sitawajibu kwa mara ya nne.

Kisahani changu kilitua juu kabisa ya kikapu, juu ya chuma kinachoshika minyororo, kikatulia hapo. Je, nimemaliza shimo? (Mukono)

Hapana. Kisahani ni lazima kiingie, na kukaa juu ya paa si kuingia nyumbani. Kishushe, simama chini yake, urushe tena.

Siku za Jumapili familia hutandika mikeka katikati ya njia ya shimo la sita na la saba. Tumewaomba wahame, wakatutolea maneno makali. Kwa nini wasimamizi wa bustani wasiwaondoe, ilhali sisi tuna mchezo wetu uliopangwa? (Entebbe)

Nimeisoma barua hii mara mbili nikitafuta mahali ambapo mwandishi wake anakumbuka kwamba bustani ya umma ni ya umma, wala sikupaona. Vikapu vyetu viliwekwa pale kwa ruhusa, juu ya nyasi ambazo watu walikuwa wakizikalia kabla hatujalijua hata jina la mchezo huu. Mama aliyeketi chini ya mwembe na wanawe, chupa ya chai ikiwa pembeni, hana namna ya kujua kwamba amekaa kwenye shimo la saba, kwa sababu hakuna uzio, hakuna mstari, na kikapu chenyewe hudhaniwa kuwa pipa la taka. Mimi mwenyewe nimewahi kukuta ndani ya kimoja kaveera mbili, yaani mifuko ya plastiki, na gunzi la hindi.

Kanuni za kimataifa za mchezo huu zinamtaka mchezaji asirushe mpaka awe na hakika kwamba kisahani chake hakitamjeruhi mtu yeyote aliyepo. Hazikusema kwamba aliyepo ahame. Wajibu wote umewekwa kwa mwenye kisahani mkononi, na ni sawa kabisa, kwa kuwa ndiye peke yake anayejua kinachokaribia kutokea. Visahani hivi si vile laini ambavyo watoto hurushiana ufukweni. Ni plastiki ngumu yenye ukingo mwembamba, vingi vina uzito wa gramu 170 na zaidi kidogo, na mkono wenye nguvu hukirusha kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa.

Nisidhaniwe kuwa nasema haya kwa usafi wangu. Jumamosi moja alasiri maarusi walikuwa wakipigwa picha upande wa kushoto wa njia, mbali kiasi, na mimi nikajiambia kwamba kisahani kitageuka kabla ya kuwafikia. Upepo wa ziwani ukakibeba. Kilishuka, kikateleza juu ya nyasi, kikaenda kusimama kwenye pindo la gauni la bibi harusi, kikiacha juu ya kitambaa cheupe mchirizi wa udongo mwekundu wenye urefu wa kiganja. Mpiga picha hakusema neno. Ssenga wa bibi harusi, yaani shangazi yake, ndiye aliyeinama, akakiokota, akakigeuza upande huu na upande huu, kisha akaniuliza kwa upole ulioniuma kuliko matusi: “Mwanangu, sahani hii ni ya nani?” Nililipa gharama za dobi, wala sikumaliza mchezo siku ile. Kama kingepita mita moja juu zaidi, tungekuwa tunazungumza habari ya jino au jicho.

Basi, ndugu yangu wa Entebbe, chezeni saa moja asubuhi, wakati bustani ni ya wafagiaji na ndege tu. Mkifika mkakuta mikeka, rukeni shimo hilo mwende la nane, kwani hakuna atakayewanyang'anya kadi ya alama. Penye kona, mtangulizeni mwenzenu mmoja asimame mbele na kuinua mkono njia ikiwa wazi. Tena mnaopenda kupiga ukelele baada ya kisahani kutoka mkononi mjue kwamba ukelele huo si tahadhari, ni taarifa ya ajali.

Nimenunua kisahani cha mbali chenye namba 13 ya kasi, kwa bei kubwa. Kila nikikirusha huinama kushoto na kuanguka baada ya mita 40. Je, nimeuziwa bandia? (Mbarara)

Si bandia. Umeuziwa kisahani cha mtu mwingine, yaani cha mtu ambaye amerusha kwa miaka kadhaa. Zile namba nne zilizoandikwa juu yake hueleza kasi, uwezo wa kuelea, mwelekeo wa kugeuka mwanzoni na mwelekeo wa kuangukia pembeni mwishoni. Namba ya kasi haikupi kasi, inakudai. Kisahani cha 13 kisiporushwa kwa nguvu inayolingana na namba hiyo, huruka moja kwa moja kwenye sehemu yake ya mwisho, na kwa anayetumia mkono wa kulia akirusha kwa kuupitisha mbele ya kifua, kama ninavyodhani unafanya, mwisho huo ni kushoto.

Liko na jambo la pili ambalo wauzaji hawalitaji. Mbarara iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Kampala karibu mita 1,200. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo kisahani hicho hicho hugeuka kidogo na kuangukia pembeni mapema kuliko kingefanya Mombasa. Weka hicho cha 13 kabatini. Chukua kisahani kimoja cha kulengea kikapu, ambacho kasi yake ni 2 au 3, ukirushe uwanjani hadi kiende mita 50 kikiwa kimenyooka. Nimewaona vijana wenye mifuko ya visahani 15 wakishindwa na binti mwenye viwili, na sijawahi kuona kinyume chake.

Tawi la mti linanizuia kila ninapofika shimo la tatu. Je, naweza kulikata? (Masaka)

Mti huo ndio shimo la tatu. Unaruhusiwa kuondoa jiwe lililolegea au majani makavu mahali unaposimama, lakini kinachoota hakiguswi, hakikunjwi wala hakifungwi kamba, na ukikiharibu kwa makusudi kanuni zinakuadhibu kwa mirusho ya ziada. Adhabu ya wasimamizi wa bustani itakuwa nzito zaidi, nami sitakuja kukuombea.

Kisahani kikiingia ziwani, tunaweza kumtuma mtoto akichukue kwa shilingi elfu moja? (Jinja)

Hesabu ya mchezo ni nyepesi: kama maji hayo yametangazwa kuwa nje ya mpaka, unaongeza mrusho mmoja wa adhabu na kuendelea. Kuhusu mtoto, jibu ni hapana, na ninashangaa kwamba swali hili limeandikwa na mtu mzima na kutiwa sahihi. Kichocho kipo katika maji ya Ziwa Viktoria, hasa kwenye kingo zenye magugu na konokono, yaani pale pale visahani vinapozama. Mtoto hawezi kupima hatari hiyo. Anachokiona ni elfu moja. Kama hukubali kukipoteza, usirushie upande wa maji.

Mvua ikianza tukiwa shimo la kumi, tumalize au tuondoke? (Ntinda)

Mvua tupu haidhuru, ila futa kisahani kwa taulo, na uangalie mguu wako mahali pa kurushia. Ngurumo ni habari nyingine. Ukiisikia mara moja tu, mchezo umekwisha, hata kama unaongoza. Eneo letu la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi sana duniani, nasi tunatembea uwandani tukikiendea kikapu cha chuma. Usijikinge chini ya mti wala katika kibanda kilicho wazi. Mwaka 2020, karibu na Arua, radi iliwaua watoto 10 waliokuwa wamekimbilia kibandani baada ya kucheza mpira. Nenda kwenye jengo kamili au ndani ya gari lililofungwa, ukae nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Ni nani aliyeanzisha mchezo huu? (Gulu)

Wengi walirusha kabla yake, lakini vikapu vya minyororo tunavyotumia ni kazi ya Mmarekani Ed Headrick, ambaye mwaka 1975 alijenga uwanja wa kwanza wa kudumu huko Oak Grove, California. Hiyo nayo ilikuwa bustani ya umma.

Nikiwa ndani ya mita 10 kutoka kikapuni, naweza kurusha huku nikisonga mbele? (Kampala)

Rusha, tulia, uonyeshe kwamba umesimama imara, ndipo uvuke alama ya pale kisahani chako kilipokuwa kimetulia. Mnalijua hili, mnalisahau mkiwa nyuma kwa mrusho mmoja.

Tumbili amechukua kisahani changu kilichokuwa kimeshatulia na kupanda nacho mtini. Nacheza kutoka wapi? (Entebbe)

Kutoka pale kilipokuwa kimetulia, bila adhabu, kwa makadirio ya wachezaji wenzako; kama angekigusa kikiwa bado kinakwenda, ungecheza pale kilipoishia. Mwache atachoka nacho, kwani hakiliki. Usimrushie cha pili ili akiachie cha kwanza, maana nilimwona mtu akifanya hivyo, na akarudi nyumbani mikono mitupu.