Subira Anataka Nini? Swali kuhusu mhusika mwenye ulemavu katika kitabu cha picha

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nimeandika hadithi ya kitabu cha picha chenye kurasa 32 kwa ajili ya watoto wa miaka sita hadi tisa. Mhusika mkuu ni Subira, msichana wa miaka minane anayetumia kiti cha magurudumu. Wenzake hawachezi naye, mpaka siku moja anapouona moshi katika chumba cha kuhifadhia vitabu, anapiga kelele na kuwaokoa wote. Tangu siku hiyo wanampenda, na mwalimu mkuu anawakumbusha wanafunzi kwamba hujafa hujaumbika. Nimeandika pia kwamba Subira amefungwa katika kiti, lakini anatabasamu licha ya hali yake. Mhariri ameurudisha mswada akisema kwamba nia ni njema lakini Subira hayumo ndani ya hadithi yake. Sijamwelewa, kwa sababu jina la Subira limo karibu katika kila ukurasa. Nirekebishe nini, nitumie maneno gani, na mchoraji nimpe maelekezo gani? Nakusudia pia kitabu cha pili kiwe cha mvulana asiyeona.

JIBU: Mwalimu, mhariri wako ameona sawasawa, ingawa angeweza kukufafanulia zaidi. Nimeusoma muhtasari wako mara mbili nikitafuta jambo moja tu, yaani kitu ambacho Subira anakitaka, na sikukiona. Wenzake wanataka kucheza bila yeye, mwalimu mkuu anataka kufundisha maadili, hata moto unataka kuteketeza vitabu. Subira peke yake hana haja yoyote. Amewekwa pale ili wengine wamtendee vibaya, kisha wamtendee vizuri. Mhusika wa namna hiyo anaweza kutajwa katika kila ukurasa na bado asiwemo.

Mimi hupima miswada ya aina hii kwa kuuondoa ulemavu wa mhusika katika mawazo yangu na kuangalia kinachobaki. Kama hakibaki kitu, basi kilichoandikwa ni kipeperushi cha uhamasishaji chenye picha. Kama kila kitu kinabaki vilevile, bila hata hatua moja kubadilika, basi kiti cha magurudumu ni pambo, na mtoto anayekitumia kweli atalitambua pambo hilo upesi kuliko mtu mwingine yeyote. Ninachokitafuta kiko katikati: haja ya mhusika ibaki ileile, ila njia ya kuifikia ibadilike.

Ngoja nikuonyeshe kwa mfano. Tuseme Subira anataka, kuliko kitu chochote duniani, kupiga kengele ya shule siku ya mwisho wa muhula. Hiyo ni haja ya mtoto yeyote. Kengele imetundikwa kwenye baraza yenye ngazi tatu, na zamu ya kuipiga hupewa wengine kila mara kwa kisingizio kwamba yeye asisumbuliwe. Basi Subira anakiiba chuma cha kupigia kengele na kukificha katika mfuko ulio nyuma ya kiti chake. Shule nzima inapekuliwa, mikoba inamwagwa, na hakuna anayethubutu kuupekua mfuko ule, kwa kuwa wote wanamwonea huruma. Sasa ile huruma imegeuka kuwa kitu ambacho Subira anakitumia, naye amekuwa mtoto mwenye hila, hofu na siri. Atakirudisha vipi chuma kile, na kwa masharti gani? Hapo una hadithi. Ukiondoa kiti, haja ya kupiga kengele inabaki, lakini wizi wenyewe na maficho yake havipo tena.

Utaona kwamba katika mfano huu tatizo ni ngazi na mazoea ya watu, si miguu ya Subira. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unaueleza ulemavu kwa mtazamo huohuo: hitilafu ya mwili au akili inakutana na vizuizi vilivyoko katika mazingira na katika fikra za watu, na ni kule kukutana kunakomzuia mtu kushiriki sawa na wengine. Wanasheria wanayo sababu yao ya kuufafanua hivyo, lakini kwa mwandishi wa hadithi ufafanuzi huo ni hazina, kwa sababu kizuizi kilichoko nje ya mhusika kinaweza kusukumwa, kuzungukwa, kudanganywa au kubomolewa mbele ya macho ya msomaji.

Sasa nirudi kwenye moto. Hadithi yako inafuata njia iliyokanyagwa sana, ambamo mtoto mwenye ulemavu hukubaliwa baada ya kufanya tendo kubwa linalowafaa wengine. Msomaji anayetumia kiti kama cha Subira anafunga kitabu akiwa amepewa ankara: wenzako watacheza nawe, ila kwanza uwaokoe. Watoto wengine hawatozwi bei hiyo. Njia nyingine ya zamani ni ile ya kupona. Katika Heidi ya Johanna Spyri, iliyotoka kwa sehemu mbili mwaka 1880 na 1881, kiti cha Clara kinasukumwa kikaporomoka mlimani, naye anajifunza kutembea. Katika The Secret Garden ya Frances Hodgson Burnett, ya mwaka 1911, Colin anainuka kutoka katika kiti chake kwa nguvu ya bustani na hewa safi. Ni vitabu vilivyopendwa na vizazi vingi, nami sisemi vichomwe, lakini katika vyote viwili mwisho mwema hauwezi kuja mpaka kiti kiachwe. Wewe umeikwepa njia hiyo ya pili, na hilo ni jambo jema katika mswada wako.

Kuhusu methali ya mwalimu mkuu, nakushauri uiondoe kabisa. Hujafa hujaumbika ni onyo kwa asiye na ulemavu: chunga, nawe unaweza kupatwa. Jaribu kuisikia kwa masikio ya Subira akiwa katikati ya gwaride la shule. Anaambiwa mbele ya watu wote kwamba yeye ndiye yale mabaya ambayo hayajawafika wengine. Jina lake nalo lifikirie upya. Waandishi wa Kiswahili tunapenda majina yenye maana, nami napenda pia, lakini kumwita Subira msichana ambaye hadithi nzima anavumilia ni kumhukumu kabla hajafungua kinywa. Jina hilo ningeliacha kwa sharti moja tu, kwamba awe mtoto asiye na subira hata kidogo.

Maneno sasa. Katika usimulizi tumia mtoto mwenye ulemavu, mtoto asiyeona, mtoto mwenye ualbino, mtoto mwenye usonji. Kilema, kiwete na zeruzeru yasitoke katika kinywa cha msimulizi. Bubu halifai kwa mtoto kiziwi, kwa sababu anayetumia lugha ya alama anasema, tena sana. Lakini neno kiziwi lenyewe wengi wao wanalitumia kwa fahari kama jina la jamii yenye lugha yake, kwa hiyo usilikimbie kwa kudhani unawastahi. Huwa nasikia hoja kwamba dharau imejificha katika ngeli, kwa kuwa kilema, kiziwi na kipofu yamewekwa pamoja na kiti na kisu. Hoja hiyo siikubali moja kwa moja, maana kijana na kiongozi wamo humohumo, na upatanisho wa sentensi ni wa viumbe hai: kiziwi amefika, viongozi wamefika. Dharau imo katika matumizi, na mara nyingi imo katika kitenzi kuliko katika nomino. Katika mswada wako umesema Subira amefungwa katika kiti. Hakufungwa, anakitumia, na bila kiti hicho ndipo asingekwenda popote. Umesema pia kwamba anatabasamu licha ya hali yake. Mtoto hutabasamu kwa sababu kuna kitu cha kuchekesha, basi kitaje kitu hicho. Mhusika mchokozi anaweza kutumia neno baya ikiwa hadithi inalihitaji, mradi lijibiwe ndani ya hadithi na si katika tanbihi.

Usieleze kilichompata, isipokuwa hadithi inakidai. Kitabu cha kurasa 32, ukitoa kurasa za jina na za haki za uchapishaji, kinakuachia karibu picha 14 za kurasa mbilimbili, na kutumia mbili kati yake kwa habari za ajali au ugonjwa ni anasa usiyoiweza. Acha picha ya kwanza imwonyeshe akiwa katika kiti chake, akiwa katikati ya shughuli, na maneno yazungumzie shughuli hiyo.

Mchoraji ndiye atakayekuangusha au kukuinua, na makosa yake huwa ni yaleyale. Kosa kubwa ni kuchora kiti cha hospitali: kipana, chenye mikono mirefu, kimetengenezwa ili mtu mwingine asukume kwa nyuma. Kiti cha mtoto anayejiendesha kinamkaa nyonga zake kama kiatu kinavyokaa mguuni. Magurudumu makubwa yana pete nyembamba kwa nje, na mikono hushika pete hiyo, si tairi. Magurudumu ya mbele ni madogo, na nyayo zimepumzika juu ya vibao vyake, haziningʼinii. Mwombe mchoraji ashushe macho ya picha yawe sawa na macho ya Subira, ili watu wazima waonekane kwa viuno na mikanda yao pale wanaposimama karibu mno. Asichore mtu akimsukuma bila kuombwa, isipokuwa unataka msomaji akasirike.

Kuna jambo moja ambalo wachoraji wengi hulipuuza, nalo ni mteremko wa kupandia kiti. Kanuni inayotumiwa na wajenzi wengi ni kwamba kwa kila kipimo kimoja cha kimo, mteremko uwe na urefu usiopungua vipimo 12. Ngazi tatu za baraza ya kengele zikiwa na sentimita 15 kila moja, kimo chake ni sentimita 45, na mteremko wake hauwezi kuwa mfupi kuliko mita 5.4. Wachoraji huuchora kama ubao ulioegemezwa ukutani, ambao mtoto akiupanda atapinduka chali. Mita 5.4 ni ndefu, itaukata uwanja na kuharibu mpangilio wa picha, na uharibifu huo utautumia vizuri: watoto wengine watautelezea, mwalimu wa zamu atalalamika, na Subira atasubiri foleni kwenye kitu kilichojengwa kwa ajili yake.

Ukifika kwa mvulana asiyeona, kumbuka kwamba wengi wanaohesabiwa kuwa hawaoni wana uoni kiasi fulani, mwanga au vivuli, kwa hiyo amua mapema yeye anaona nini na usibadilike katikati ya kitabu. Fimbo nyeupe haipepewi hewani. Ncha yake hugusa ardhi upande wa kulia na wa kushoto, kwa upana unaozidi mabega kidogo, na mguu wa kushoto unapotangulia, ncha huwa upande wa kulia. Mvulana huyo hapapasi nyuso za watu anaokutana nao. Hiyo ni desturi ya filamu. Usimulizi wako nao ubadilike, kwa sababu hadithi inayomfuata yeye haiwezi kufunguliwa kwa rangi ya anga. Mfano bora ninaoujua wa ulemavu kuingia katika umbo lenyewe la kitabu ni El Deafo ya Cece Bell, ya mwaka 2014, kitabu cha katuni kuhusu utoto wake wa kiziwi: betri ya kifaa chake cha kusaidia kusikia inapoisha, maandishi ndani ya viputo vya maneno yanafifia mpaka kiputo kinabaki kitupu. Fikiria hila kama hiyo kwa mvulana wako.

Ukitaka mtoto asiyeona naye akisome kitabu hicho, usimruhusu mchoraji apambe ukurasa kwa vitone bapa vya kuigiza nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole. Mfumo alioutangaza Louis Braille mwaka 1829 una nukta sita katika safu mbili, zenye michanganyiko 63, na hausomeki kwa kidole pasipo kuinuka juu ya karatasi. Picha za kuguswa nazo zina sheria zake: kitu kimoja katika ukurasa, nafasi ya wazi kati ya maumbo, wala usichore kwa mtazamo wa umbali, kwa sababu meza iliyofichwa miguu miwili, kwenye vidole, ni meza iliyovunjika.

Wasomaji wa kukukosoa uwatafute mapema, picha zikiwa bado za penseli, maana mchoraji akishapaka rangi hakuna atakayekubali kuchora upya magurudumu. Watafute zaidi ya mmoja, wakiwemo watu wazima waliokulia katika kiti cha magurudumu, na uwalipe kama unavyomlipa msahihishaji wa lugha. Wanaharakati wana kaulimbiu yao, hakuna lolote kuhusu sisi bila sisi, na katika kazi hii ina faida ya moja kwa moja: watu hao ndio watakaokuambia kwamba mfuko wa nyuma ya kiti hujaa makombo ya biskuti, jambo ambalo mimi na wewe tusingelibuni. Kwa mifano ya kujifunzia, angalia vitabu vinavyochaguliwa na IBBY, shirika la kimataifa la vitabu vya watoto ambalo mkusanyo wake wa vitabu vinavyohusu watoto wenye ulemavu umehifadhiwa katika maktaba ya umma ya Toronto, pamoja na vile vinavyopewa tuzo ya Schneider, ambayo chama cha maktaba cha Marekani kimekuwa kikiitoa tangu 2004.

Ukurasa wa 32 ningeuacha bila neno hata moja. Subira ameshika chuma mkononi, mkono umeshainuliwa, kengele haijalia bado, na mwalimu mkuu, kwa mara ya kwanza tangu kitabu kianze, ameziba masikio yake na kunyamaza.