Printa ya stika imegoma? Maswali yenu ya wiki hii

Wiki hii karibu wote mmeuliza kitu kimoja, printa za stika, hizi ndogo za kuprinti bei na bakodi. Nimechagua yale yanayojirudia. Nianze na la kawaida kabisa.

Nimenunua printa ya stika, nikachomeka USB, kompyuta ikalia kwamba imeona kitu ila kwenye orodha ya printa haipo. Draiva nimeweka mara tatu. Shida nini? (Duka la vipodozi, Mwanza)

Pole dada. Waya ulitangulia draiva, yaani ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa, hapo ndipo ilipoharibikia. Windows ilipokiona kifaa ikakosa draiva yake ikakitupa kwenye fungu la "Unspecified", na wewe ukawa unarundika draiva juu ya draiva wakati kosa la kwanza bado liko palepale. Fanya hivi, chomoa waya kwanza, ingia sehemu ya printa kwenye Settings ufute kila kinachofanana na hiyo printa, kisha fungua "Print server properties", nenda upande wa Drivers uiondoe draiva yenyewe pamoja na pakeji yake, maana ukifuta printa tu draiva inabaki imejificha. Zima kompyuta uwashe. Sasa ndio uweke draiva upya, na waya uchomeke pale programu itakapokwambia, printa ikiwa imewashwa. Ikikuuliza porti, yaani njia ya kwenda kwenye printa, na huoni USB001 chagua yoyote tu umalize, halafu ukishachomeka ingia "Printer properties", upande wa Ports, uweke tiki kwenye USB001 au USB002.

Halafu draiva utoe kwenye tovuti ya waliotengeneza hiyo printa. Jina la modeli lisome kwenye kibandiko chini ya printa yenyewe, boksi lisikudanganye, madukani maboksi yanabadilishana sana. Na zile programu zinazosema zitakutafutia draiva zote kwa mpigo achana nazo.

Mimi inaprinti vizuri ila inatoa stika moja yenye maandishi halafu nne tupu, nyingine maandishi yanaanza stika hii yanaishia ile. Roli linaisha kwa hasara. (Muuza viungo, Unguja)

Hapa draiva haina kosa, ila imedanganywa kuhusu karatasi. Draiva nyingi zinakuja zimewekwa saizi ya milimita 100 kwa 150, zile stika kubwa za mizigo. Stika zako kama ni 40 kwa 30, na kati ya stika na stika kuna nafasi ya milimita 3, basi kila moja inakula milimita 33, sasa gawanya 150 kwa 33 uone mwenyewe hizo nne tupu zinatoka wapi.

Chukua rula upime stika moja, upana na urefu, ile nafasi ya katikati usiijumlishe, yenyewe ina sehemu yake inaitwa Gap. Kisha saizi hiyo uiweke sehemu tatu na hapa ndipo wengi mnachoka mkiwa mmeshafika mlangoni: kwenye "Printing preferences", kwenye "Printing defaults" iliyo upande wa Advanced, na kwenye programu unayoprintia. Kama unatumia Word na ukurasa bado ni A4, huko kwingine kote umejisumbua bure. Roli lako likiwa na stika mbili mbili kwa upande, upana unaoandika ni wa zote mbili pamoja na nafasi iliyo kati yao.

Ukimaliza ifundishe printa karatasi yake, yaani ijue stika inaanzia wapi. Kwa printa ya Zebra GK420 unashikilia kitufe cha kusogeza karatasi mpaka taa iwake mara mbili mfululizo, unaachia, itavuta stika kadhaa tupu halafu itatulia. Printa nyingine nazo zina kitufe hichohicho ila hesabu ya taa inatofautiana, angalia kijitabu chake. Ukibadilisha aina ya roli unarudia.

Kuna siku nilikaa saa nzima kwenye duka la dawa nikafuta draiva mara nne, nikarudisha, natokwa jasho na wateja wananiangalia, kumbe kijana wa usafi alipangusa vumbi ndani akasukuma ile sensa ndogo iliyo chini ya karatasi, jicho linaloona stika inaanzia wapi, ikaenda pembeni kabisa. Toka siku hiyo nafungua kifuniko kwanza ndio nashika kompyuta.

Yangu haitoi stika ila inaandika maneno ya ajabu, SIZE 40 mm, GAP, CLS, metre nzima ya karatasi!

Hayo sio maneno ya ajabu ndugu yangu, ni amri ambazo draiva ya stika inaituma printa, na printa yako haielewi kwamba ni amri, inadhani ni risiti inaandikiwa. Hizi zinazofanya kazi zote mbili, risiti na stika, zina modi mbili na yako imekaa kwenye risiti. Ihamishe kwa ile programu ndogo inayokuja pamoja na draiva. Ukiona inaanza na ^XA na kuishia ^XZ ugonjwa ni uleule, ila draiva hapo ni ya lugha ya Zebra na printa inaongea lugha nyingine.

Karatasi inatoka, nyeupe pee.

Kwangua stika kwa ukucha, haraka. Ikiacha mstari mweusi hiyo karatasi inaungua kwa joto na haihitaji riboni, ule utepe wa wino, hakikisha tu upande wa kuandikwa ndio unaogusa kichwa cha printa. Isipoacha alama unahitaji riboni, na kama printa yako haina sehemu ya riboni basi umeuziwa roli lisilokuhusu, rudisha. Kwenye draiva pia kuna sehemu ya kuchagua "Direct thermal" au "Thermal transfer", ifanane na ulichonacho.

Jana ilikuwa nzima, leo inasema offline, na kuna printa mbili, moja ina "Copy 1". (Mombasa)

Umehamisha waya tundu lingine la USB, sivyo? Windows imeona mgeni ikamfungulia chumba chake. Rudisha tundu la jana, au itumie hiyo Copy 1 na ile ya zamani uifute. Kama kuna kazi zimekwama kwenye foleni na hazifutiki, fungua Services, simamisha "Print Spooler", ingia C:\Windows\System32\spool\PRINTERS ufute vilivyomo ndani, folda lenyewe liache, kisha washa Spooler tena. Na kwenye Settings zima ile sehemu ya kuiachia Windows ichague printa yenyewe, ndio inayowafanya mtume stika kwenye printa ya A4.

Bakodi inatoka ila skana haisomi. Halafu naweza kujitungia namba? (Siagi ya karanga, Morogoro)

Naona bakodi umeitumiwa kama picha WhatsApp ukaivuta ikae vizuri kwenye stika. Printa yako ni ya 203 dpi, yaani nukta 8 kwa kila milimita, ukivuta picha mstari mmoja unapata nukta mbili, mwenzake ambao ulitakiwa ulingane nao unapata tatu, skana inachanganyikiwa. Andika namba kwenye programu ya lebo iichore bakodi yenyewe, ukubwa asilimia 100, na acha nyeupe kidogo kushoto na kulia. Kama mistari imefifia sehemu moja tu, pangusa kichwa cha printa kwa spiriti na pamba, ikiwa imezimwa na imepoa.

Namba za kutumia ndani ya duka lako tu jitungie, ianze na 2, hizo zimeachwa kwa kazi hiyo. Ukitaka kupeleka supamaketi omba GS1 Tanzania, shirika linalotoa namba za bakodi, wakupe zako zinazoanza na 620, usichukue ya kopo la mtu, kaunta itasoma siagi yako kama sabuni.