Kutoa klasi kwenye COBOL ya zamani: anza na data, si na aya

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba umerithi mistari 40,000 ya COBOL, ile lugha ya zamani ya programu za biashara, na unataka kuipeleka kwenye muundo wa klasi (kiolezo kinachofunga data pamoja na kazi zake) na objekti (kitu kinachoundwa kutokana na kiolezo hicho) kwa kuigeuza kila aya ya programu, yaani kila kipande cha maagizo chenye jina, kuwa klasi yake. Nakuomba usipite njia hiyo. Mimi nilipita, kwenye mfumo wa mikopo, na baada ya miezi minne nilikuwa na klasi karibu mia mbili zinazogombania vigeu vilevile, yaani majina yanayoshika thamani kwenye programu. Programu haikuwa imebadilika. Ilikuwa imetawanywa tu.

Kilichonitoa pale ni jedwali. Vigeu nikaviweka kwenye safu mlalo, aya kwenye safu wima. Aya ikiandika kwenye kigeu natia A, ikisoma tu natia S. Kisha nikazifuta S zote, maana kila aya husoma tarehe ya leo na hilo halina la kukufundisha. Zilipobaki A, makundi yakajitokeza yenyewe: salio, riba iliyolimbikizwa na tarehe ya malipo ya mwisho vilikuwa vikiandikwa na aya saba zilezile. Hapo pana objekti. Aya inayoandika kwenye makundi matatu ndiyo ya kukatwa, na utaikata kwa mkono, ukielewa kila mstari.

Halafu tafuta neno REDEFINES kwenye sehemu ya data. Linasema eneo lilelile la kumbukumbu lina sura mbili, na mara nyingi ipo herufi moja kwenye rekodi inayoamua isomwe ipi. Kwetu ilikuwa B kwa mkopaji binafsi na K kwa kampuni. Basi hizo ni klasi mbili za mzazi mmoja, na kila EVALUATE (agizo la kuchagua njia kulingana na thamani) inayoihoji herufi hiyo ni methodi, yaani kazi ya klasi, inayopaswa kugawanywa kati yao. Majina ya ngazi ya 88, yale yanayoipa jina thamani fulani ya kigeu, nayo yatakupa hali za objekti. Yatunze yalivyo, kwa sababu wenye biashara ndio wanaoyatumia.

Lugha ya kuhamia isikusumbue mapema. Hata COBOL yenyewe ina klasi tangu kiwango cha 2002.

Ila kabla hujahamisha chochote, pitisha faili za mwezi mzima kwenye programu ya zamani na uhifadhi matokeo, uje ulinganishe tarakimu kwa tarakimu. COBOL isipoambiwa ROUNDED hukata desimali zilizozidi, haikadirishi kwenda tarakimu iliyo karibu. Msimbo wangu mpya ulikadirisha, na riba ikatofautiana kwenye tarakimu ya mwisho katika mamia ya mikopo. Nilidhani nimesahihisha kosa, kumbe wateja walishalipa kwa hesabu ile ya kukata. Tabia ya zamani iige kwanza, hata ikikukera, ndipo uwaulize wenye mfumo.

Anza na kundi lenye aya chache zinazoliandikia. Ukiweza kubandika hapa sehemu yako ya data, bila taarifa za wateja, nitakaa nayo tuitafute objekti ya kwanza pamoja.